Mshtakiwa mwenye ulemavu wa akili: unampimaje kama anaweza kujitetea mahakamani

Hii ni kwa nyie mnaoanza kuletewa washtakiwa na mahakama hapa Tanzania. Naongelea ulemavu wa akili, siyo ugonjwa wa akili, maana vinachanganywa kila siku, mtu kazaliwa hivyo au alipata malaria ya kupanda kichwani akiwa mdogo akabaki hivyo, halafu unaambiwa mtibu apone arudi kwenye kesi. Hakuna cha kupona hapo, labda kama ana kifafa au kitu kingine juu yake.

1. Soma oda ujue unaulizwa nini. Kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (namba za toleo la 2022) kifungu cha 216 ni cha leo: huyu mtu anaweza kujitetea? Cha 219 na 220 ni cha siku ya tukio, alikuwa timamu au la, na hapo kwenye 220 ndo kuna zile siku 42 za kuandika maoni. Ni maswali mawili tofauti kabisa, oda isipoeleweka uliza mahakamani kabla hujaanza.

2. Ongea na ndugu kwanza. Alitembea lini, aliongea lini, shule aliishia darasa la ngapi na kwa nini, anaenda dukani peke yake? IQ (alama ya kipimo cha akili) chini ya 70 peke yake haitoshi, na vile vipimo vingi vilitengenezwa kwa watu wa mazingira mengine. Mimi napenda swali la chenji: una elfu mbili, umenunua sabuni ya mia saba, unarudishiwa ngapi? Ila kama mama mtu anasema hajawahi kutumwa dukani maisha yake yote, hilo nalo ni jibu.

3. Lugha. Kama kwao ni Kisukuma tupu, usimhukumu kwa Kiswahili chako cha ofisini, tafuta mkalimani asiye ndugu. Mwambie mshtakiwa mapema wewe siyo wakili wake na atakayosema yataenda kwa hakimu, kisha akurudishie kwa maneno yake.

4. Usiamini "ndiyo". Hapa ndo wengi tunapigwa. Watu hawa wamelelewa kuitikia, ukimuuliza umeelewa anasema ndiyo, na anatabasamu vizuri tu. Nilikuwa na kijana mmoja (mambo mengine nimeyabadilisha), nikamuuliza jana tulikula wali pamoja? Ndiyo. Mimi ni mjomba wako? Ndiyo. Sasa fikiria huyo huyo kasimama kizimbani anasomewa shtaka anaulizwa ni kweli si kweli, anajibu "ni kweli", na hapo anaweza kuandikwa amekiri. Kesi ya Adan ya 1973, ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ilishasema shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, ila hakimu akiwa na mafaili mengi mezani hawezi kugundua kila anayeitikia tu. Kwa hiyo uliza maswali ya "nani", "nini", "ilikuwaje". Ukiuliza la "hiki au kile", lirudie baadaye umegeuza mpangilio, wengine wanachagua la mwisho kila mara.

5. Sasa mambo ya mahakama. Msingi ni wa zamani, kesi ya Pritchard ya Uingereza mwaka 1836: anajua kashtakiwa nini, anaweza kukiri au kukana akijua maana yake, anafuatilia ushahidi, anaweza kumwelekeza wakili. Yule kijana nilimuuliza hakimu ni nani, akasema "yule anakaa juu kwenye feni". Wakili? "Ananiletea soda." Kukiri kosa? "Unaomba msamaha unarudi kwa mama." Hilo la mwisho ndo lilinipa kazi, maana neno analijua, anachokosa ni kwamba ukikiri unaweza kufungwa.

6. Mfundishe, urudi kesho. Tumia viti na vikopo, hiki hakimu, hiki mwendesha mashtaka, huyu yuko upande wako. Siku ya pili usimkumbushe, muulize tu. Akishika na kuelezea kwa mfano mwingine, kuna uwezo. Akikariri kama kasuku badilisha swali uone. Na anayeigiza kwamba haelewi huwa anakosea hata vitu ambavyo ndugu na askari magereza wanamuona akivifanya kila siku, kwa hiyo waulize na hao.

7. Ripoti. Usiandike "akili yake ni ya mtoto wa miaka saba", haisaidii mtu, mtoto wa miaka saba hajawahi kuchunga ng'ombe arobaini peke yake. Andika anachoweza, asichoweza, na kama sentensi fupi, mapumziko au ndugu wa kukaa karibu naye vingemwezesha. Majibu yake yaweke kama alivyoyatamka, na soda na feni vyote, kwa sababu ukiitwa kuhojiwa na mawakili hicho ndo watakachokuuliza.