SOMO: Taa za ukungu, lini uwashe na lini uzime

Wakuu, huku Mbeya barabara ya Uyole kwenda Tukuyu imeanza kufunga ukungu. Ukipita Isongole alfajiri, bampa la gari lako mwenyewe unaliona kwa shida. Wengi hapo wanapiga fulu, yaani taa za juu. Ukungu ni matone madogo ya maji. Mwanga wa fulu unayagonga na kukurudia machoni, unabaki unatazama ukuta mweupe.

Taa za ukungu za mbele zimefungwa chini ili mwanga wake, mpana na mfupi, upite karibu na lami. Zinakuonyesha mstari wa pembeni na mtaro, basi. Mbali hazifiki.

1. Zijue swichi zako. Fanya hivi gari likiwa nyumbani. Alama ya mbele ni ya kijani, miale inaelekea kushoto na kuinama, imekatwa na mstari wa mawimbi. Ya nyuma ni ya rangi ya chungwa, miale inaelekea kulia.

2. Washa taa za chini kwanza, kisha za ukungu. Zile taa za mchana zinazojiwasha zenyewe usizitegemee, magari mengi zinawaka mbele tu. Uingereza kipimo chao ni kuona chini ya mita 100: ukiwa goli moja la uwanja wa mpira, la pili hulioni. Mimi natumia hichohicho.

3. Punguza mwendo mpaka uweze kusimama ndani ya kipande unachokiona. Shika mstari wa pembeni kushoto. Wa katikati mwachie, maana na anayekuja anaweza kuwa anaufuata huohuo. Shusha kioo kidogo usikie malori.

4. Kioo kikijaa mvuke ndani, washa AC pamoja na hita. AC inakausha hewa.

5. Ukungu ukiisha, zima. Hasa ya nyuma. Ile nyekundu ni kali kama taa ya breki, anayekufuata hatajua umeshika breki saa ngapi.

Lakini ndani ya ukungu ile nyekundu ni uhai. Asubuhi moja nilikuwa nateremka na viazi, mwendo wa 30, nikaona nukta nyekundu kama kaa la jiko. Nikakanyaga breki. Kilikuwa kigari kimezimika juu ya lami, mama na watoto wawili ndani. Taa zake za kawaida sikuziona mpaka niliposhuka na kukikaribia kwa miguu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kaka, gari langu limetoka Japani, nyuma sioni hiyo taa. Imeng'olewa?*
Hapana dada, magari mengi ya soko la Japani hayaji nayo. Ya Ulaya ndiyo yanayo. Fundi umeme atakufungia moja upande wa kulia, iwe na relei (kifaa cha kuwasha na kukata umeme wa taa) na swichi yake. Asiiunganishe na waya wa breki.

*Mkuu, balbu za njano zinapenya ukungu zaidi?*
Wengi tunaamini hivyo, na Ufaransa ililazimisha taa za njano hadi 1993. Ila matone ya ukungu ni makubwa mno kwa mwanga, yanatawanya rangi zote karibu sawa. Ukiona njano inapumzisha macho yako, weka. Kulenga ndiko kwenye kazi: simamisha gari mita 7.6 kutoka ukutani, sehemu tambarare. Ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe. Nyingi nilizoziona zimelengwa juu, na hizo zinarudisha mwanga kama fulu.

*Na hazadi (taa za dharura, indiketa zote zikiwaka pamoja) je? Mabasi yote yanawasha.*
Ukiwa unatembea usiwashe. Ukitaka kukata kona, nani atajua? Ukishindwa kuona kabisa, toka nje ya lami yote, magurudumu yote manne, ndipo uwashe hazadi, na abiria wakae mbali na barabara.