Namna ya Kujitengenezea Kifaa cha Kuonea Usiku kwa Ajili ya Kuamia Shamba

Mtu aliyewahi kukesha juu ya dungu akiamia mahindi yaliyokomaa anajua kwamba tochi ya kawaida humfaa nguruwe pori kuliko inavyomfaa mlinzi, kwa kuwa mwanga ukiwaka tu mnyama hutulia kati ya mistari, husubiri giza lirudi, kisha huendelea kula upande wa pili. Kifaa ninachokieleza hapa humwezesha mlinzi kuona bila yeye kuonekana. Wawindaji wa nchi zinazoruhusu uwindaji wa usiku, kama vile katika jimbo la Texas nchini Marekani ambako nguruwe mwitu huharibu mashamba kwa kiasi kikubwa, hujitengenezea vifaa vya namna hii kwa kutumia kamera ndogo, skrini ya gari na taa ya infraredi, yaani mwanga ambao kamera huuona lakini jicho haliuoni. Kwetu mambo ni tofauti, maana Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania nayo, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, hairuhusu kuwinda usiku. Kwa hiyo nakieleza kama kifaa cha kuangalia tu, kinachoshikwa mkononi na kisichofungwa kwenye silaha yoyote. Hata mahali ambapo sheria inaruhusu ningeshikilia jambo hilohilo, kwa sababu mtu anayetafuta mnyama kwa darubini iliyo juu ya bunduki humwelekezea mtutu kila anachokitilia shaka, na usiku kitu hicho huweza kuwa jirani yake.

Jicho la binadamu huona mwanga wenye mawimbi ya kati ya nanomita 400 na 700 hivi, lakini kamera inaweza kuona hadi kukaribia nanomita 1000. Kamera nyingi huwekewa kioo chembamba nyuma ya lenzi, chenye rangi ya samawati au waridi hafifu, ambacho kazi yake ni kuzuia infraredi isiharibu rangi za mchana. Kwa kazi yetu kioo hicho hakitakiwi. Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo mjini Dar es Salaam, au ya Luthuli mjini Nairobi, omba kamera ndogo ya analojia ya ulinzi isiyo na kioo hicho, na yenye lenzi ya kuzungusha kwa skrubu ya milimita 12 ili uweze kuibadilisha. Hakikisha pia kwamba inavumilia umeme kushuka hadi volti 9, kwa sababu ambayo utaiona tukifika kwenye betri.

Lenzi ndiyo inayoamua kama utatambua mnyama au utaona doa tu, na hapo ndipo ningemshauri mtu asibane matumizi. Chukua kamera ambayo kichipu chake cha kupokea picha kina upana wa milimita 4.8, ambacho wauzaji hukiita cha theluthi moja ya inchi. Ukiifunga lenzi ya milimita 3.6 inayokuja nayo, utaona eneo la mita 66 hivi kwa upana ukiangalia umbali wa mita 50, na nguruwe mwenye urefu wa mita 1 atapotea kabisa ndani yake. Ukiweka lenzi ya milimita 16, upana huo unakuwa mita 15. Ukiweka ya milimita 25, unakuwa chini kidogo ya mita 10. Skrini ndogo ya inchi 4.3, ile inayofungwa kwenye magari kwa ajili ya kurudi nyuma, mara nyingi ina nukta 480 kwa upana, hivyo nguruwe huyo atachukua nukta 32 kwa lenzi ya milimita 16 na 50 kwa ya milimita 25. Kwa nukta 50 unaona mgongo, masikio na namna anavyotembea. Mimi hutumia ya milimita 25, ingawa inahitaji mkono uliotulia au ukingo wa dungu wa kuegemea.

Taa ya infraredi huuzwa katika aina mbili kuu. Ile ya nanomita 940 haionekani kabisa kwa macho, lakini kamera nyingi huiona kwa udhaifu; ile ya nanomita 850 huonyesha wekundu hafifu ukiitazama moja kwa moja, lakini hufika mbali zaidi. Kwa shamba ningechagua ya 850, tena tochi yenye lenzi ya kukusanya mwanga, kwa kuwa umbali ukiongezeka mara mbili mwanga unaofika hupungua hadi robo. Kabla ya kulipa, iwashe na uiangalie kupitia kamera ya mbele ya simu yako, nawe utaona duara la zambarau kwenye skrini ikiwa inafanya kazi. Usiitazame kwa karibu kwa macho, kwani mboni haisinyai kwa mwanga isiouona, na jicho huumia bila onyo.

Kwa umeme, unganisha betri tatu za lithiamu za aina ya 18650 kwa mfululizo pamoja na kibao cha saketi cha kuzilinda, kisha weka fyuzi na swichi kwenye waya chanya. Zikijaa hutoa volti 12.6 na zikiisha hukaribia 9, na kwa betri zenye uwezo wa mAh 2500 kamera na skrini hufanya kazi saa sita hivi. Tochi ibaki na betri yake yenyewe.

Skrini hukaa ndani ya sanduku la mbao nyepesi lenye kina cha sentimita 25, lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na tundu la kuchungulia huzungushiwa sponji ili uso ulizibe kabisa. Bila hivyo mwanga wa skrini humulika uso wako, na mnyama anakuona wewe kabla hujamwona. Punguza pia mwangaza wa skrini hadi kiwango cha chini unachoweza kusomea. Kamera hufungwa mbele ya sanduku na tochi juu yake, ikiwa imetokeza mbele ya lenzi kwa sentimita 3 au 4, maana mwanga ukigusa kioo cha lenzi kutoka pembeni picha yote huwa kama moshi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kurekebisha lenzi mchana, nikilenga shina la mnazi hadi mikunjo ya gome ikawa wazi kabisa. Usiku ulipofika kila kitu kilikuwa ukungu, kwa sababu infraredi haipindi ndani ya lenzi sawasawa na mwanga wa mchana. Nilitundika gunia jeupe lenye mistari ya utepe mweusi umbali wa hatua 50, nikawasha tochi, nikazungusha lenzi kidogo kidogo hadi mistari ikatengana, ndipo nikakaza pete yake.

Utakapoanza kuangalia, utashangazwa na majani ya mahindi, ambayo huonekana meupe kama yamepakwa chokaa kwa kuwa majani mabichi huakisi infraredi kwa wingi. Kata yale yaliyo karibu na dungu, kwani huurudisha mwanga wote kwenye kamera na kukuachia giza nyuma yake. Macho ya mbwa, paka, ng'ombe na komba yatang'aa kama vipande vya kioo, lakini nguruwe hana utando wa kuakisi nyuma ya jicho, na binadamu pia hana. Kwa hiyo usitegemee macho kumtambua yeyote. Tazama umbo na mwendo, ngoja hadi ageuke ubavu, na ukiwa na shaka yoyote ita kwa sauti kwanza. Ukishahakikisha kuwa ni nguruwe, shuka upande wa nyumba na upige debe ukiwa hapo, ili akimbilie msituni alikotoka asije akaingia kwenye muhogo wa jirani.