Namna ya kumweleza mzazi jinsi chanjo inavyojenga kinga

Mzazi anayesita kumpeleka mtoto kliniki mara nyingi hana ugomvi na chanjo. Anataka tu kujua kinachotokea mwilini mwa mwanawe, na foleni ya asubuhi haimpi nafasi ya kuuliza. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kumweleza kwa utulivu, nyumbani kwake, kadi ya kliniki ikiwa mkononi.

Anza na ndui, ugonjwa hatari wa malengelenge ambao sasa umetokomezwa. Zamani, katika sehemu za Afrika, India na Uturuki, watu walichukua usaha wa mgonjwa wa ndui na kuutia kwenye chale za mtu mwenye afya. Mjini Boston, katika Marekani ya leo, Mwafrika aliyekuwa mtumwa, Onesimus, ndiye aliyemweleza bwana wake njia hiyo, nayo ikatumika katika mlipuko wa mwaka 1721. Iliokoa wengi, ila waliochanjwa walipata ndui yenyewe, na baadhi yao walikufa au kuambukiza wengine. Tarehe 14 Mei 1796, huko Berkeley, Uingereza, daktari Edward Jenner alichukua majimaji ya kidonda cha ndui ya ng'ombe mkononi mwa mkamuaji maziwa, Sarah Nelmes, akayatia kwenye mkono wa James Phipps, mtoto wa miaka 8. Baadaye alimtia ndui ya binadamu, na mtoto hakuugua. Jaribio kama hilo lisingeruhusiwa leo, na mzazi akiligusia, kiri hivyo waziwazi.

Kisha eleza sababu. Virusi vya ng'ombe vilifanana na vya binadamu kiasi kwamba mwili uliojifunza kupambana na vile uliweza kuvikabili hivi. Chanjo za sasa hutumia virusi vilivyodhoofishwa, kama ya surua, au sumu iliyoondolewa makali, kama ya pepopunda. Chembe nyeupe za damu zinazokitambua kitu hicho kigeni huzaliana, hutengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na kitu hicho, kwa muda wa wiki kadhaa, kisha nyingi hufa na chache hubaki zikiwa na kumbukumbu, tayari kuamka haraka ugonjwa halisi ukija. Sisitiza hapa, maana ndipo hofu nyingi huyeyuka: kinga huundwa na mwili wa mtoto mwenyewe, na homa ndogo baada ya sindano mara nyingi ni dalili ya kazi hiyo. Degedege au kupumua kwa shida, hata hivyo, ni jambo la kukimbiza hospitali.

Akisema anaogopa sindano, msimulie habari za Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, aliyeikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Oktoba 1977 akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya asili. Alipona, na baadaye akawahimiza wazazi wa Somalia kuwachanja watoto wao dhidi ya polio.

Mwisho fungueni kadi pamoja. Chanjo ya surua husubiri miezi 9 kwa sababu kingamwili alizorithi mtoto kwa mama huweza kuizima mapema mno. Dozi ya miezi 18 huwafikia hasa wale ambao ya kwanza haikuwashika, yaani takriban watoto 15 katika kila 100. Tarehe ikipita, mtoto apelekwe hata hivyo: ataendelea pale alipoishia, bila kuanza upya.