Namna ya Kuchora Muundo wa Ioni za Fosfeti na Fosfaiti

Anza kwa kuhesabu elektroni za ganda la nje, kwa kuwa hesabu ikikosewa hapa mchoro wote huharibika. Katika ioni (kundi la atomu lenye chaji) ya fosfeti, PO₄³⁻, fosforasi huleta elektroni 5, atomu nne za oksijeni huleta 24, na chaji ya −3 huongeza 3. Jumla ni 32. Weka fosforasi katikati, uizungushie oksijeni nne, kisha uunganishe kila moja kwa bondi moja, yaani jozi moja ya elektroni zinazoshirikiwa. Bondi hizo huchukua elektroni 8, na zile 24 zinazosalia hugawiwa oksijeni, kila moja ikipata sita.

Kisha kagua chaji ya kila atomu. Chukua idadi ya elektroni za nje ambazo atomu huwa nazo ikiwa peke yake, utoe zile zisizoshiriki katika bondi, kisha utoe nusu ya zile zinazoshiriki. Fosforasi itapata +1 na kila oksijeni −1, yaani −3 kwa jumla. Vitabu vingi huchora bondi maradufu moja (jozi mbili za elektroni) ili kuiondoa ile +1. Mchoro huo unakubalika ikiwa utaambatanisha mingine mitatu, kila mmoja ukiwa na bondi maradufu kwenye oksijeni tofauti, kwa sababu vipimo huonyesha kwamba bondi zote nne zina urefu uleule wa takriban pikomita 154 na pembe za karibu digrii 109.5. Mimi napendelea mchoro wa bondi moja moja, kwani bondi maradufu ingeihitaji fosforasi kutumia obiti za d (nafasi zake za ziada za elektroni), na hesabu za kisasa zimeonyesha kwamba obiti hizo huchangia kidogo sana.

Wanafunzi wengi hupotea kwenye fosfaiti. Fomula ya asidi yake, H₃PO₃, humfanya mtu aziweke hidrojeni zote tatu kwenye oksijeni, ilhali asidi hiyo hutoa mbili tu inapokutana na besi kama hidroksidi ya sodiamu. Ya tatu imeshikamana na fosforasi yenyewe, nayo haiachii. Kwa hiyo ioni ni HPO₃²⁻ yenye elektroni 26: 8 katika bondi nne, moja ya bondi hizo ikiwa ya hidrojeni, na 18 juu ya oksijeni tatu. Fosforasi haibaki na jozi huru (elektroni mbili zisizo katika bondi), hivyo umbo linakaribia lile la fosfeti.

Ukitaka kujipima, chora H₂PO₂⁻ yenye elektroni 20, ukikumbuka kwamba asidi yake, H₃PO₂, hutoa hidrojeni moja pekee.