Kurudisha kiraka cha ext4 kwenye kerneli 5.15

Seva ya ghala la Shimanzi, Mombasa, haipandishwi toleo zima kwa ajili ya hitilafu moja. Rudisha kiraka chenyewe, yaani chukua rekebisho la ext4 (mfumo wa faili wa Linux) lililoandikwa kwa toleo jipya la kerneli, kiini cha Linux, ulilete kwenye toleo la zamani 5.15. Anza na mstari wa `Fixes:`, unaotaja badiliko lililoleta hitilafu, kwenye komiti (badiliko lililohifadhiwa katika git) ya asili: ikiwa komiti iliyotajwa haimo katika 5.15, hata kwa namba nyingine, kiraka hakikuhusu.

Ikiwa imo, fungua tawi kutoka linux-5.15.y (tawi la marekebisho ya 5.15), kisha nakili kiraka kwa `git cherry-pick -x` na namba ya komiti. Migongano mingi huletwa na folio, muundo wa kushika kurasa za kumbukumbu ulioingia 5.16; sehemu hizo ziandike upya kwa page, muundo wa zamani. Lakini kiraka kinachoingia bila mgongano ndicho cha kuogopwa zaidi: huenda mpangilio wa kufuli (locks) ni tofauti katika 5.15, kikajengeka vizuri halafu kikagandisha mfumo. Washa CONFIG_PROVE_LOCKING, inayokagua mpangilio wa kufuli, endesha `./check -g auto` ya xfstests (majaribio ya mifumo ya faili) kabla na baada ya kiraka, ulinganishe. Diski unayoitaja kwenye SCRATCH_DEV, mpangilio wa xfstests, hufutwa yote, usiweke diski yenye data!

Mwisho, kata umeme wa mashine ya majaribio katikati ya kuandika. Ikiwaka, pachika diski (mount) na uiondoe (umount) ili jarida, kumbukumbu ya maandishi ambayo hayakukamilika, lisomwe, ndipo uikague kwa `e2fsck -fn`. Ukiruka hatua hiyo utaona makosa yasiyokuwepo.