SOMO: Filamu shirikishi kwa simu pamoja na watu wenye ulemavu

Wadau, salaam. Kila wiki napokea swali lilelile: "Tunataka kurekodi walemavu wa kata yetu, tuanzie wapi?" Naandika mara moja, mtu asome hapa. Filamu shirikishi maana yake simu iko mikononi mwao. Wewe unafundisha, kisha unakaa pembeni.

1. Wachague hadithi wenyewe.

2. Ridhaa uombe mara mbili: kabla ya kurekodi, na baada ya wao kuiona kazi. Kwa sauti, kwa alama au kwa maandishi makubwa, kila mtu kwa njia yake.

3. Ukumbi usiwe na ngazi, na choo kiingilike kwa kitimwendo. Kakague mwenyewe siku moja kabla.

4. Asiyeona anarekodi vizuri tu. Washa TalkBack, programu ya simu za Android inayosoma skrini kwa sauti, pakua sauti ya Kiswahili. Simu usawa wa kifua, viwiko vigande mbavuni, anayehojiwa aongee kwanza ili sauti yake ifuatwe. Dada mmoja wa kundi letu alikuwa anagusa bega la anayehojiwa, anarudi hatua mbili, ndipo anabonyeza. Mchana kutwa hakumkata mtu kichwa.

5. Kuhariri. Hapa soma polepole. Mara ya kwanza nilihariri peke yangu nyumbani, usiku, nikikata kwa kufuata sauti ya mkalimani wa lugha ya alama. Mkalimani huwa nyuma ya mikono kwa sekunde kadhaa; sauti inapoanza, msimuliaji ameshafika mbele. Kila nilipokata, nilikata mikono katikati ya sentensi. Mama mmoja kiziwi alikuwa amesimulia siku aliyojifungua bila mtu wa kumtafsiria. Siku ya onyesho wanaosikia walipiga makofi. Yeye aliuliza kwa alama: "Maneno yangu mengine yako wapi?" Tulirudia yote, akiwa ameketi kando yangu, akinigusa mkono pale pa kukata.

Kwa hiyo kata kwa mikono, si kwa sauti. Usihariri lugha ya alama bila mwenye lugha kuwepo. Fremu ianzie juu kidogo ya kichwa hadi kiunoni, viwiko vyote vionekane. Usiweke picha nyingine juu yake anapoongea, ukimfunika umemnyamazisha. Klipu ghafi usizifute mpaka wote waridhike.

6. Weka manukuu, yaani maandishi ya maneno chini ya picha. Onyesho la kwanza ni lao, wageni baadaye.

MASWALI

Morogoro: Mkuu, app gani nzuri ya kuhariri?
— Unayoijua, mradi iweke manukuu na TalkBack isome vitufe vyake.

Dodoma: Mfadhili anataka kazi Ijumaa. Ridhaa tukichukua baadaye?
— Soma hatua ya 2.

Dodoma: Lakini huu ushirikishwaji unachelewesha.
— Basi tengeneza tangazo, usiliite shirikishi.

Mwanza: Hatuna mkalimani. Mtoto wa msimuliaji kiziwi anaweza kutafsiri?
— Hapana. Yapo mambo mama hawezi kuyapitisha kwa mwanawe. Waulizeni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania.

Kisumu: Na asiyeona ataifuatiliaje filamu ikishakamilika?
— Swali zuri sana, ndugu. Wekeni maelezo ya sauti kwenye vipindi vya ukimya: nani kaingia, anafanya nini, wapi. Yaandikeni pamoja na asiyeona, yeye ndiye anajua kinachopungua. Na mnaporekodi, kila mtu ajitambulishe kwa sauti kabla ya kusimulia. Hapo nusu ya kazi imeisha.

Kisumu: Asante. Wazo hili lilianzia wapi?
— Mfano unaotajwa sana ni Kisiwa cha Fogo, Kanada, mwaka 1967. Wakazi walitishiwa kuhamishwa. Wakarekodiwa wakieleza shida zao, wakaziona filamu wao kwanza, ndipo zikapelekwa serikalini. Hatua ya 6 imetoka huko.

Arusha: Video yangu ikifika WhatsApp vidole havionekani.
— Itume kama dokumenti. Ukituma kama video inabanwa, na mikono inakuwa ukungu.

Tanga: Sisi simu tunaifunga kwenye mkono wa kitimwendo kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Akitembea haitikisiki.
— Hii sikuijua. Unaizungusha mara ngapi? Tuwekee picha.