Kabla ya kumtumia mzee ujumbe, pita mezani kwake

Kama umeajiriwa juzi na ofisini kuna watu wanaokaribia miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima kwa wengi katika utumishi wa umma Tanzania, jaribu hili: jambo la kwanza la siku usilipeleke WhatsApp. Pita mezani kwake, "Shikamoo mzee," uliza habari za nyumbani, ndipo useme shida yako. Dakika mbili tu.

Mimi nilijifunza kwa kuchelewa. Nilimwandikia mhasibu wetu "Ile ripoti iko wapi?" bila salamu. Tiki mbili za buluu, kimya siku nzima. Nikaona ananichunia, yeye, nilikuja kujua, aliona namwamrisha kama tarishi. Ripoti yenyewe ilishachapwa, iko ndani ya jalada juu ya meza yake.

Na ninyi wakubwa, kijana akikujibu kwa kidole gumba kitupu hajakudharau. Ndiyo risiti yake ya kupokea kazi.

Kilichotusaidia zaidi mimi na mhasibu ni kubadilishana ujuzi. Yeye ananifundisha kuandika dokezo sabili, yaani andiko fupi la ndani ya ofisi, lisilorudishwa na bosi (usianze na ombi, anza na chanzo cha jambo), mimi namwonyesha kujumlisha safu nzima kwenye Excel. Bado anahakiki kwa kikokotoo pembeni. Namwacha. Mwezi uliopita ndicho kilichonasa sifuri moja niliyoizidisha.